Saini za mjini haziwasaidii, kazi iko kwa seneta

Houston, Texas

Mpendwa Bahati,

Salamu kwa mama watoto na jumuiya yote ya Abilene.

Hilo wazo lenu la kukusanya saini, mji upige kura polisi waache kukamata watu kwa bangi kidogo, naliona ni jasho la bure. Austin walipiga kura hiyo 2022, wakashinda. Mwanasheria mkuu wa jimbo akawapeleka mahakamani, kwa sababu sheria ya Texas inakataza mji kujiwekea sera ya kutotekeleza sheria za dawa za kulevya, na 2025 mahakama ya rufaa ikawa upande wake. Wananchi hapa hawawezi kupeleka sheria ya jimbo moja kwa moja kwenye kura. Mlango ni Bunge tu.

Tena tatizo si Bunge zima. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kupunguza adhabu ya bangi mwaka 2019, 2021 na 2023. Ule wa mwisho, HB 218, ulipata kura 87 dhidi ya 59. Yote ilifia Seneti. Naibu Gavana, anayeongoza Seneti, ndiye anayepanga muswada uende kamati gani, na usipopangiwa kikao, umekwisha. Kwa hiyo msipoteze muda kwa mwakilishi ambaye tayari anakubali. Maseneta wako 31, wenu ni mmoja. Huyo ndiye wa kuandamwa.

Bunge litaanza Januari 12, 2027, na lina siku 140 tu. Miswada inaanza kupokelewa Novemba 9, 2026. Nendeni ofisi yake ya wilayani Septemba au Oktoba, watu wanne au watano, na karatasi ya ukurasa mmoja yenye anwani zenu, maana msaidizi wake huangalia kwanza kama mnaishi kwenye eneo lake.

Ombeni kitu mahususi. Leo bangi isiyozidi aunsi 2 ni jela hadi siku 180 na faini hadi dola 2,000. Ombeni aunsi 1 iwe faini peke yake, na muswada utamke wazi kwamba hakuna kukamatwa. Neno hilo lisikosekane: hapa polisi anaweza kukufunga pingu hata kwa kosa la faini tu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu hivyo 2001, kwa mama wa mji wa Lago Vista, hapa Texas, aliyekamatwa kwa sababu ya mkanda wa gari. Yatajeni na mafuta ya bangi ya vepu (sigara za umeme), ambayo hata chini ya gramu 1 ni felonia, yaani kosa kubwa la jinai. Vijana wetu hapo ndipo wanapoumia.

Sasa la uhamiaji, na hili liseme kanisani. Aunsi 1 ni gramu 28. Sheria ya shirikisho humwachia mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) kosa moja la kuwa na bangi yake mwenyewe isiyozidi gramu 30, asifukuzwe nchini kwa hilo. Lakini akisafiri nje anaweza kuzuiwa kurudi. Na ile “kubali kosa, lipa faini, yaishe” kwa uhamiaji ni hatia kamili. Aone wakili kwanza.

Asiye raia anaruhusiwa kwenda kwa seneta na kusema. Ila asitamke kwamba anavuta, wala kwamba aliwahi kuvuta: kukiri tu kunaweza kumharibia. Kanisa nalo linaweza kuunga mkono muswada kwa kiasi, lisimpigie debe mgombea.

Nitumie huo ukurasa mmoja kabla hamjauchapa.

Ndugu yako,
Juma