99.5 ya kitabuni ni 37.5 kwenye mashine yako

Siku ya 21 imepita na hakuna yai hata moja lililodonolewa. Mteja anafunga mashine ya kutotolesha vifaranga kwenye bodaboda, anatuletea karakana hapa Mbeya: "Fundi, thamostati imekufa," yaani kidhibiti joto. Tunaiwasha, inapasha vizuri kabisa. Tunamuuliza aliweka joto ngapi. "34.7. Nilipiga hesabu mwenyewe."

Hesabu hiyo ndiyo iliyoua mayai, na inatuuma kila tunapoiona, maana trei zile ni pesa ya mtu. Vitabu vya ufugaji vya Kimarekani huandika joto la kutotolesha 99.5, kwa Farenhaiti. Thamostati tunazofunga sisi zinasoma Selsiasi. Watu wamefundishana njia ya mkato: toa 30, gawa kwa 2. Ukitaka kujua tu kama leo uvae sweta, inatosha. Kwa yai haifai. Inakupa 34.75, umepoteza karibu nyuzi tatu, na kifaranga hawezi kukua kwa baridi hiyo wiki tatu mfululizo.

Toa 32, kisha gawa kwa 1.8. Yaani 99.5 ukitoa 32 inabaki 67.5, gawa kwa 1.8, unapata 37.5 kamili. Hiyo ni ya mashine yenye feni. Isiyo na feni hukusanya joto juu, kwa hiyo pima usawa wa migongo ya mayai, na uweke 101 hadi 102 za Farenhaiti, sawa na 38.3 hadi 38.9.

Wengine hukosea hapa: kitabu kinasema "punguza nyuzi 1" ya Farenhaiti. Usitoe 32, kwa sababu hiyo ni tofauti tu. Gawa kwa 1.8, ushushe kama 0.6. Ukishusha nyuzi nzima ya Selsiasi, umezidisha karibu mara mbili.

Kipimajoto nacho kihakikiwe. Kichovye kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ukoroge: kisome 0, au 32 kwa Farenhaiti. Maji yanayochemka yasikuhadae. Kwa mwinuko wa Mbeya huchemka karibu nyuzi 94 za Selsiasi, si 100, utalaumu kifaa kisicho na kosa.

Ukipenda, kilete tukupimie bure kabla hujapanga mayai. Tutakubandikia mlangoni karatasi yenye vipimo vyote viwili. Kama mayai yameshaingia, rudia hesabu sasa hivi, na ukikuta kosa rekebisha thamostati bila kufungua mlango.