Mwanangu, kabla hujalipia hiyo boti

Mwanangu,

Picha nimeziona zote, hata ile umekaa kwenye usukani kama vile boti ishakuwa yako. Nzuri, sibishi. Rangi imekolea, viti vimeshonwa upya, na muuzaji anasema injini inawaka mara moja tu. Sasa baba yako ndo huyuhuyu aliyezeeka na boti kuukuu, acha nikwambie yote, ukininunia utaninunia.

Injini isikutie presha sana. Ikifa inang'olewa inafungwa nyingine. Kinachoua boti za zamani ni ubao wa nyuma, pale tezini injini inaponing'inia. Boti nyingi za faiba za zamani ndani ya huo ubao mna plaiwudi, faiba imeifunika tu, na mtu akitoboa tundu la bolti asilizibe vizuri basi maji yanaingia kidogo kidogo miaka na miaka mpaka mbao inakuwa uji huku nje kunang'aa vilevile. Chukua mpini wa bisibisi ugonge taratibu pote, palipo pazima panalia kavu, palipooza sauti inakufa. Halafu ishike injini kwa chini uinyanyue na kuisukuma, ukiona ubao nao unacheza, aga uondoke. Kuupasua ule ubao na kuujenga upya ni kazi ya kukutoa machozi, na rangi mpya huwa inapakwa hapohapo kwa makusudi.

Sasa kero zenyewe. Boti ya zamani haina kazi moja. Unasema leo nabadilisha impela ya pampu ya maji, kimpira kidogo tu, kwenye injini mpya mtu anamaliza mapema akaenda zake. Kwenye ya zamani zile bolti ni za chuma zimekaa ndani ya alumini na maji ya chumvi tangu enzi hizo, zimeshikana, unakaza mkono kwenye spana mara kichwa cha bolti kimebaki na wewe na mwili wake umebaki ndani. Basi hapo kazi ya impela imekuwa kazi ya kupasha moto, kutoboa na kukata nyuzi upya, na ukija kumwaga oili ya gia unakuta imegeuka nyeupe, maana yake kuna sili, ule mpira wa kuzuia maji, inaingiza maji, kwa hiyo fungua tena. Na hata hivyo impela usiiache, ibadilishe kila mwaka au miaka miwili hata kama inaonekana nzima, na kila ukiwasha angalia ule mchirizi wa maji ya kupoza injini unaotoka pembeni, injini isipokojoa izime hapohapo.

Ila kinachonikera mimi kuliko vyote ni ugonjwa unaokuja na kuondoka. Katikati ya maji injini inakata, ukiivuta hadi nchi kavu inawaka yenyewe safi kabisa na fundi anakutazama kama umechanganyikiwa. Leo anabadilisha plagi, kesho koili, keshokutwa anataka kabureta, wewe unalipa tu, kumbe ni waya wa ethi umeoza ndani ya ganda lake. Usikubali spea ifungwe kabla hajakuonyesha alivyopima cheche, mafuta na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Fundi asiyependa kuulizwa huyo achana naye.

Petroli nayo ukiilaza miezi inaziba jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta, na yenye ethanoli inanyonya maji. Na kama injini ni ya kukaa ndani, mtu asikwambie stata ya gari inafanana na ya boti hivyo funga tu. Ya boti imetengenezwa ili cheche zisiwashe mvuke ulio nje, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia kule ngamani, chini kabisa ndani ya boti, unasubiri. Hapo sitaki utani kabisa.

Najua utasema, sasa mbona ya kwako huiuzi? Siiuzi kwa sababu magonjwa yake nimeshayajua yote, nikinunua kuukuu nyingine naanza kujifunza upya, na mpya siiwezi. Mama yako anasema ni ukaidi. Sawa.

Kwa hiyo usitoe hata arubuni. Mwambie muuzaji unataka kuikuta injini ya baridi, na ukifika iguse kwanza kwa mkono, maana hizi za kuwaka mara moja nyingi zimeshapashwa kabla hujafika. Toeni plagi mpime kompresheni silinda zote, zikipishana zaidi ya asilimia 15 hivi kuna jambo humo ndani. Nitumie namba za kila silinda na picha ya tezi kwa karibu, ndani na nje. Za viti zinatosha.

Baba