Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Makocha Wanachama: Kumlenga Mchezaji Aliyeumia

Ndugu wanachama,

Mhazini ameshawasomea hesabu, na katibu ameeleza kozi na mabonanza ya mwaka. Sitayarudia. Nina jambo moja lililoniuma.

Tulipokea malalamiko kwamba katika mechi ya vijana hapa Mtwara, kocha mmoja alisikika akiwaambia wachezaji wake: "Yule namba kumi enka yake mbovu, mgongeni palepale." Kamati imeshakaa naye na jina lake silitaji. Kilichonisumbua zaidi ni baadhi yenu kuniambia kwamba mpira wa kulipwa ndivyo ulivyo, acha watoto wazoee mapema. Nakataa.

Kusoma udhaifu wa wapinzani ni kazi yetu. Beki wao akichechemea, mpelekee winga mwenye mbio, mlazimishe ageuke dakika zote tisini. Huo ni mpira. Kukanyaga goti lililofungwa bandeji ni kitu kingine: hapo hutafuti mpira, unataka mtu atoke. Na mtu huyo anakula kwa mguu huo, wengine nyumbani wakimtegemea. Vijana wetu wanaoota kuvaa jezi ya Ndanda au Namungo watakuwa na miguu hiyohiyo.

Mwaka 1966 kule Uingereza, Pelé alichezewa rafu na Bulgaria hadi akakosa mechi iliyofuata. Aliporudi dhidi ya Ureno wakamuumiza tena, na kwa kuwa wakati ule Kombe la Dunia halikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia, akabaki uwanjani akichechemea. Brazil ikalala 3-1 na kuaga mashindano. Leo Sheria ya 12 ya soka, ile ya rafu na utovu wa nidhamu, inatoa kadi nyekundu kwa anayehatarisha usalama wa mwenzake, lakini mwamuzi huona mguu tu. Maneno ya chumba cha kubadilishia nguo hayamfikii.

Ndiyo maana naanza na sisi makocha. Katika mpira wa Kimarekani, ligi yao kuu, NFL, ilibaini kuwa timu ya New Orleans Saints, kati ya 2009 na 2011, ilikuwa na mfuko wa kuwazawadia wachezaji walioumiza wapinzani. Kocha mkuu, Sean Payton, alifungiwa msimu mzima wa 2012. Adhabu za wachezaji zilifutwa baadaye. Za makocha zilibaki. Naona ilikuwa haki, kwani mchezaji wa miaka kumi na sita atambishiaje kocha anayempanga?

Kamati inapendekeza kwamba kocha atakayethibitika kutoa agizo la namna hiyo asimamishwe uanachama kwa msimu mzima, hata kama rafu yenyewe haikuchezwa. Tutapiga kura leo, kabla ya uchaguzi wa kamati ya mashindano.