Mafunzo ya ECT yasiishie kwenye kitufe cha mashine

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie mafunzo ya wahudumu wa afya ya akili kuhusu tiba ya umeme, ile ambayo wodini huitwa ECT na mtaani huitwa "kupigwa shoti". Tunachokiona mara nyingi ni kwamba mashine inapofika, daktari mmoja huonyeshwa namna ya kuiweka na kuibonyeza, basi, mafunzo yamekwisha. Umeme wenyewe hupita kwa sekunde zisizozidi nane. Usalama wa mgonjwa unategemea zaidi kazi inayofanywa tangu usiku wa kuamkia tiba mpaka anapoweza kutembea mwenyewe, na kazi hiyo iko mikononi mwa wauguzi.

Tangu Cerletti na Bini walipoianzisha tiba hii Roma mwaka 1938, badiliko kubwa kuliko yote ni kwamba sasa mgonjwa hulazwa usingizi na kulegezwa misuli. Bila hivyo, nguvu ya degedege linaloamshwa na umeme, ambalo ndilo linalotibu, inaweza kumvunja pingili za mgongo. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2005 kwamba ECT isiyo na dawa ya usingizi ikomeshwe, na kwamba watoto wasipewe kabisa. Kwa hiyo kila anayefundishwa aanze na hili: dawa ya usingizi ikikosekana, tiba inaahirishwa. Hakuna "leo tu".

Turudi kwenye ule usiku. Mgonjwa asile chakula kwa muda usiopungua saa 6 kabla ya tiba, na maji matupu yakome zikiwa zimebaki saa 2, maana akitapika akiwa usingizini, matapishi huingia mapafuni. Agizo litamkwe kwa uangalifu. Ukimwambia mtu "usile saa sita", mwingine ataelewa ni saa sita mchana! Andika kwenye kadi ya kitanda: "Asile chochote kuanzia saa sita usiku." Mgonjwa mwenye sonona kali au aliyechanganyikiwa hawezi kutegemewa kukumbuka, na mwenzake wa kitanda cha pili anaweza kumgawia chai na andazi kwa nia njema kabisa. Muuguzi wa zamu ya usiku amkabidhi mwenzake wa asubuhi kwa mdomo na kwa maandishi.

Zamu hiyo hiyo ya usiku ina kosa jingine lisiloonekana upesi. Mgonjwa hapati usingizi, anapewa diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo pia huzuia degedege. Asubuhi degedege haliji, au linakuja fupi mno. Daktari anaongeza chaji, yaani kiasi cha umeme, na chaji kubwa huathiri kumbukumbu zaidi. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, ila hawakuzungumza. Karbamazepini na valproeti, dawa za kifafa, nazo huzuia degedege, lakini kwa mwenye kifafa zisipunguzwe bila amri ya daktari. Theofilini ya wagonjwa wa pumu hufanya kinyume chake: degedege linaweza kugoma kukoma.

Kuhusu suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, tunasisitiza jokofu. Inataka nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Umeme ukikatika mara kwa mara, dawa hupungua nguvu polepole huku ikionekana vilevile kichupani. Siku ya tiba dozi ni ile ile, lakini mwili haulegei. Kichupa kikitoka kwenye baridi kiandikwe tarehe, na baada ya siku 14 kitupwe. Dozi ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo, yaani miligramu 30 hadi 60 kwa mtu wa kilo 60, na hutolewa baada ya mgonjwa kupoteza fahamu, kamwe si kabla, la sivyo atajikuta macho huku hawezi hata kuvuta pumzi. Misuli hutetemeka kidogo kuanzia usoni na kushuka mpaka vidole vya miguu. Subirini vidole vitulie ndipo mpitishe umeme.

Kabla ya dawa hiyo kuingia, fungeni mkanda wa presha kwenye kifundo cha mguu na kuujaza kupita presha ya juu ya mgonjwa. Mguu ule haupati dawa, kwa hiyo utaonyesha degedege waziwazi, nanyi mtalipima kwa saa. Penye mashine isiyochora mawimbi ya ubongo, mkanda huu ndio shahidi wenu. Degedege likiisha, legezeni mkanda mara moja.

Meno huvunjika kwa sababu wahudumu huamini kwamba misuli yote imelegea. Umeme hupita moja kwa moja kwenye misuli ya taya, nayo hubana hata kama dawa imefanya kazi. Toeni meno ya bandia, wekeni kipande cha raba cha kung'ata, kisha mmoja ashike kidevu kwa nguvu. Mrija mgumu wa hewa usitumike badala yake. Huelekeza nguvu yote kwenye meno ya mbele.

Ngozi ya panda la uso isafishwe mafuta ya nywele na kukaushwa. Jeli ya kupitishia umeme ikisambaa mpaka ikaunganisha elektrodi mbili, yaani vibati vinavyoingiza umeme kichwani, umeme hupita juu ya ngozi. Jeli ikiwa kavu, ngozi huungua. Mashine nyingi hupima ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa njiani, kabla ya kutoa umeme. Kipimo kikiwa kibaya, rekebisheni mgusano kwanza na msiongeze chaji.

Degedege likizidi dakika 2, mtaalamu wa usingizi alikatize kwa dawa. Lisipokuja kabisa, tazameni moyo, kwa kuwa umeme usioleta degedege unaweza kuupunguzia mapigo kwa hatari.

Baada ya tiba mgonjwa alazwe kiubavu, apewe oksijeni, na mtu asimwache. Muulizeni jina lake, umri, mahali alipo, siku na saa, mkiandika dakika zilizopita mpaka ajibu sawasawa. Dakika hizo zikirefuka wiki hadi wiki, daktari aambiwe, huenda nafasi ya elektrodi ibadilishwe kutoka pande zote mbili kwenda upande wa kulia pekee. Kumbukumbu ipimwe kabla ya tiba ya kwanza pia, la sivyo hakuna cha kulinganisha.

Ridhaa tunaiona inachukuliwa kama karatasi ya kusainiwa. Mgonjwa aambiwe kweli: kumbukumbu za wiki zinazozunguka tiba zinaweza kupotea, na baadhi zisirudi. Aulizwe tena kila asubuhi ya tiba, na akisema hapana, arudishwe wodini akapewe uji wake.

Tunapendekeza kila mhudumu aangalie tiba 10, afanye nyingine 10 akisimamiwa, ndipo aidhinishwe, na timu nzima ifundishwe pamoja, mtaalamu wa usingizi akiwemo. Na hospitali inayopanga kununua mashine ianze bajeti yake na jokofu lenye kipimajoto, oksijeni na mashine ya kufyonza mate. Fedha zikibaki, ndipo inunue mashine ya ECT.

Wauguzi na madaktari wakufunzi wa afya ya akili,
Dar es Salaam