Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya jumuiya yetu hapa Houston, Texas, ya mwaka ulioishia Desemba 31, 2023. Baraza la Idi, siku ya michezo ya watoto, madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi na kazi ya kuwapokea ndugu zetu waliofika Houston kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Kakuma, Kenya, ziliendelea kama mlivyozizoea, nami nawashukuru waliozisimamia. Misiba ilikuwa 4, na yote tuliibeba kwa heshima.

Kuhusu fedha, wanachama walioandikishwa ni 186 na waliolipa ada ya dola 120 ni 71, hivyo makusanyo ni dola 8,520 na malimbikizo ya mwaka huu pekee ni dola 13,800. Mkutano wa Machi ulihudhuriwa na watu 27, wa Juni 22 na wa Agosti 19, ilhali akidi ni 60. Mara zote tatu nilifika mapema kufungua ukumbi na kupanga viti ambavyo vingi havikukaliwa, na nawaomba mkumbuke hali hiyo mtakaposoma yanayofuata.

Jambo lililotugawa mwaka huu ni uamuzi wa Kamati Tendaji wa kukopa dola 3,200 kutoka Mfuko wa Misiba ili kugharamia semina ya Septemba kuhusu sheria mpya za Texas za ulinzi wa mtoto. Dola 2,000 alilipwa wakili, 700 wakalimani wawili, na 500 zilichapisha maelezo kwa Kiswahili. Baadhi yenu mmesema kwamba fedha za misiba ni amana na haziguswi. Ninakubali kwamba ni amana. Hata hivyo, ibara ya dharura inairuhusu kamati kukopa na kurejesha, na dharura yenyewe ilikuwa wazi, kwa kuwa sheria zilianza kutumika Septemba 1 na mkutano wa Agosti, ambao ungepaswa kuidhinisha matumizi hayo, ulikosa akidi.

Wengi mnaifahamu familia iliyonisukuma kuitaka semina hiyo, ingawa sitaitaja. Mtu asiyetaka kujulikana alipiga simu CPS, idara ya Texas ya ulinzi wa mtoto, akidai kwamba watoto hawalishwi na wanafungiwa ndani. Watoto waliulizwa maswali shuleni kabla wazazi hawajajua lolote, na mama, ambaye Kiswahili chake ni cha Uvira, mashariki mwa Kongo, na hakumwelewa vizuri mkalimani wa kwenye simu, alitia sahihi karatasi akidhani anathibitisha tu jina lake. Baada ya miezi miwili shauri lilifungwa bila kosa lolote kuonekana. Aliyepiga simu hajulikani hadi leo, na mama yule bado hashtuki kwa jambo lolote kama anavyoshtuka mlango unapogongwa.

Muswada namba 63 wa Texas, ambao kamati yetu iliuunga mkono kwa barua niliyoiandika mwenyewe na sasa ni sheria, umekomesha utaratibu huo wa kupiga simu bila kujitaja. Tangu Septemba 1, anayetoa taarifa kwa idara anatakiwa kutaja jina lake na namba ya simu. Sheria ya pili, namba 730, inamlazimu mpelelezi kumweleza mzazi, kwa mdomo na kwa maandishi, kwamba anaweza kutaka wakili, anaweza kurekodi mahojiano, na anaweza kukataa kuingiliwa nyumbani ikiwa hakuna amri ya mahakama. Kabla ya hizo ipo sheria ya mwaka 2021, namba 567, iliyoandikwa na mbunge James Frank wa Wichita Falls, inayotaka uzembe wa mzazi uwe ni kupuuza kwa wazi kulikomdhuru mtoto au kumtia katika hatari ya papo hapo. Sheria hiyo haihesabu kuwa ni uzembe kumruhusu mtoto kufanya mambo peke yake ikiwa yanalingana na ukomavu wake, uwezo wake au utamaduni wake. Neno utamaduni limo humo, ndugu zangu, na nilipolisoma niliona kwamba tumechelewa miaka miwili kuwaambia wazazi wetu, ambao wanaogopa hata kumtuma mtoto wa miaka 10 dukani.

Walionipinga kwa hoja nzito zaidi ni wale waliosema kwamba nimewakinga watesaji, kwa kuwa jirani mwoga sasa hatapiga simu. Hoja hii imeninyima usingizi na siipuuzi. Jibu langu ni kwamba jina la mtoa taarifa linabaki siri kwa sheria, na asiyetaka kulitaja kwa idara huelekezwa kwa polisi. Wajibu wenyewe haukupunguzwa hata kidogo. Katika Texas kila mtu, si mwalimu na daktari pekee, anapaswa kutoa taarifa anapoamini kwamba mtoto anatendewa ukatili, na asiyefanya hivyo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kutozwa faini ya hadi dola 4,000. Mchungaji na wakili hawana msamaha. Ndiyo maana mwezi Mei, nilipoombwa kuitisha kikao cha wazee ili jambo la mtoto mmoja limalizwe kimyakimya, nilikataa na nikapiga simu kwa jina langu. Nimelaumiwa kwa hilo pia, na ningelifanya tena leo.

Kwa wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wamarekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba asilimia 37 ya watoto wote wa Marekani huchunguzwa na idara za ulinzi wa mtoto angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka 18, na kwa watoto weusi ni asilimia 53. Watoto wetu wanahesabiwa katika kundi hilo, hata kama nyumbani tunawaita Wabembe, Warundi au Wapemba.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye semina walikuja watu 34 tu. Wakili alizungumza kwa saa tatu, akajibu maswali hadi ukumbi ulipofungwa, na nakala zaidi ya 100 za maelezo zimo ndani ya gari langu hadi sasa. Baadhi ya waliolalamika kwa sauti kubwa kuhusu dola 3,200 hawakufika na hawajalipa ada.

Hadi Desemba tumerejesha dola 1,400 katika Mfuko wa Misiba, na 1,800 zilizobaki zingerejea mara moja kama wanachama 15 tu wenye malimbikizo wangelipa. Bunge la Texas hukutana kwa kawaida mwaka mmoja na kuacha mwaka mmoja, kwa siku 140, na litarudi Januari 2025. Tunatarajia kufikia wakati huo kuwa na maombi yetu kuhusu wakalimani, Mungu akipenda, na ikiwezekana kuwapata wanachama watakaokuwa tayari kwenda Austin, makao makuu ya Texas. Ada za mwaka 2024 zipokelewe na Mweka Hazina kabla ya Machi 31, na anayehitaji maelezo ya semina anipigie, nitamletea mlangoni.

Mwenyekiti
Houston, Januari 2024