Risala ya Kikundi cha Wazazi Wafugaji na Waokaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi Shuleni Kwetu, Morogoro

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Viongozi wa mtaa na viongozi wetu wa dini,
Wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa na afya njema. Karibu sana chini ya Milima ya Uluguru. Tunajua una shughuli nyingi, na kuja kwako kukaa na wazazi wa shule ya msingi ni heshima kubwa kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nasi leo tunayo ya kuponywa, na tutayasema bila kuficha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu ni cha akina mama na akina baba wenye watoto katika shule hii. Tangu Serikali ilipoanza kutekeleza elimu bila ada mwaka 2016, mzigo mkubwa ulishuka mabegani mwetu. Uliobaki ni sare, madaftari, viatu vinavyobana kabla mwaka haujaisha, na chakula cha mchana cha mtoto. Ni fedha ndogondogo, lakini hazikomi, na mzazi asiye na mshahara hana mwisho wa mwezi wa kuusubiri. Baadhi yetu tulikuwa tukizipata kwenye ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, inayoitwa kausha damu. Mama anakopa Jumatatu ili mtoto apate kiatu, na kufika Ijumaa anauza sufuria ili alipe rejesho.

Ndipo tulipokaa pamoja na kujiuliza: mzazi anayeshinda nyumbani, mwenye mtoto mgongoni na mwingine anayerudi shuleni mchana, afanye kazi gani bila kuitelekeza nyumba? Hatuna ekari. Wengi wetu tuna uwanja wa nyuma ya nyumba tu. Lakini uwanja huo unaenea banda la kuku chotara na wa kienyeji, viroba vya mchicha, chainizi na matembele, tuta la viazi lishe pembeni ya ukuta, na kwa aliyejaliwa nafasi kidogo, mbuzi wa maziwa. Katika hilo la mbuzi wenzetu wa Mgeta walitutangulia. Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway walipelekwa kule milimani miaka ya 1980, kazi iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na kaya za huko zimeonyesha kwamba shamba dogo la mlimani linaweza kumpa mtoto maziwa kila siku.

Uokaji ulikuja baadaye, tena kwa sababu. Mayai yakiwa mengi mtaani, bei inashuka kwa wote siku hiyohiyo, na mchicha wa jana haununuliki leo. Keki, skonzi na mkate vinampa mzazi siku kadhaa za kutafuta mteja. Mayai yanaingia kwenye keki, maziwa na viazi lishe vinaingia kwenye mkate, maganda ya viazi yanarudi kwa mbuzi, na mbolea ya kuku ikishaiva vizuri inarudi kwenye viroba. Kwa hiyo tunaomba mradi wetu utazamwe kama kitu kimoja. Afisa anayekuja kuangalia kuku peke yake, au oveni peke yake, anaondoka akiwa ameona nusu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Turuhusu tueleze kidogo habari ya mkate huu ulio mezani mbele yako, maana ndio fahari yetu. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini inatoka nje. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza na unga ukapanda bei, andazi la mtaani lilipungua ukubwa huku bei yake ikiwa ileile. Tukaamua kupunguza ngano na kutia viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ambavyo vina vitamini A kwa wingi. Yale matone ambayo watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 hupewa kliniki mara mbili kwa mwaka ni ya vitamini hiyohiyo.

Viazi huoshwa, huchemshwa na maganda yake, humenywa vikiwa bado vya moto, kisha hupondwa mpaka visibaki na kidonge hata kimoja. Rojo hilo huchukua nafasi ya karibu theluthi ya unga. Kwa kuwa kiazi kina utamu wake, sukari hupunguzwa. Na kwa kuwa kina maji yake, hapo ndipo mkono wa mwokaji unapohitajika kuliko kikombe cha kupimia. Viazi vilivyochimbwa masika vimejaa maji kuliko vya kiangazi, hivyo anayekanda humimina maji kidogokidogo hadi donge liache kunata kwenye beseni. Halafu kuna joto letu la Morogoro. Kuanzia Oktoba donge huumuka upesi mno. Mama akitoka kumfuata mtoto shuleni akachelewa njiani, atalikuta limepitiliza, linanuka pombe, na mkate wake utabonyea katikati. Ndiyo maana wanachama wenye watoto wadogo hukanda alfajiri au wakati mtoto amelala, na walio mtaa mmoja hupeana zamu za kuwafuata watoto. Utaratibu huo wa zamu umetusaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Kwa upande wa kuku, adui yetu ni kideri, ugonjwa wa kuku unaoitwa pia mdondo. Kikiingia mtaani na kukuta kuku hawajachanjwa, banda huisha ndani ya siku chache. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa. Bei yake si tatizo. Ugumu uko kwenye chupa: moja hutosha mamia ya kuku, na ikishafunguliwa haihifadhiki hadi wiki ijayo. Mzazi mwenye kuku 12 akiinunua peke yake atamwaga karibu yote. Kwa hiyo siku ya chanjo tunaamka mapema, kabla mabanda hayajafunguliwa, tunapita nyumba kwa nyumba na chupa ikiwa ndani ya chombo chenye barafu, na hata jirani asiye mwanachama tunamchanjia. Kuku wake wakiugua, wetu hawako salama.

Jambo jingine tulilolishika kwa nguvu ni daftari. Kila mwanachama anaandika. Yai likitoka bandani kwake kuingia kwenye keki yake mwenyewe, linaandikwa kwa bei ya genge. Wapo waliouliza kwa nini wajitoze kwa yai lao wenyewe. Lakini ndani ya yai lile kuna pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na chokaa ambavyo vyote vilinunuliwa. Asiyeandika anadhani keki inampa faida, kumbe keki inakula banda. Vivyo hivyo gesi, vivyo hivyo nauli ya bodaboda ya kupeleka oda. Tumeona biashara nyingi za akina mama zikifa zikiwa na wateja tele, na katika zile tulizozijua kwa karibu, daftari halikuwepo.

Kuhusu watoto tumejiwekea sheria mbili na hatuzilegezi. Mtoto hauzi maandazi saa za masomo, na mtoto mdogo hasogei karibu na oveni au jiko. Kuokota mayai jioni na kumwagilia mchicha ni malezi, na tunawafundisha kwa furaha. Kumpa mtoto beseni kichwani wakati wenzake wako darasani ni jambo jingine kabisa, nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha. Biashara hii tuliianzisha kwa ajili ya masomo yao, haiwezi tena kuyala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tunafika kwenye yanayotukwamisha.

Kubwa kuliko yote ni mahali pa kuokea. Kumuuzia jirani kunawezekana kwa jinsi tulivyo. Lakini mkate unaotaka kukaa kwenye rafu ya duka, au kupelekwa bwenini kila asubuhi, unatakiwa utoke katika jengo lililosajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula. Jengo hilo linatakiwa liwe na sakafu na kuta zinazooshwa, dari, maji ya uhakika, stoo iliyotengwa, choo kilicho mbali na sehemu ya kazi, na watu waliopimwa afya. Hatuombi masharti hayo yalegezwe. Mikate hii wanaila watoto wetu kabla ya watoto wa wengine, na sharti linalomlinda mlaji ni sharti la haki. Tunachosema ni kwamba nyumba ya kupanga, yenye jiko moja linalotumiwa na familia tatu, haiwezi kutimiza masharti hayo hata mama awe msafi kiasi gani. Mzazi mmoja hawezi kujenga jengo la namna hiyo. Wazazi wengi wakichangia moja, wanaweza.

Katika kata yetu lipo jengo lililokuwa ghala la mazao, ambalo kwa muda mrefu halina kazi. Ombi letu la kwanza, na kama utalichukua moja tu basi lichukue hili, ni kikundi kuruhusiwa kulitumia jengo hilo kwa mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa. Hatuombi fedha za ukarabati. Miongoni mwa akina baba wa kikundi wapo mafundi uashi, mafundi bomba, fundi umeme na fundi wa kuchomelea, na wote wamekubali kufanya kazi bila ujira. Tukiwa na mkataba mkononi, tutakwenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kuomba barua ya utambulisho, kisha TBS kuanza safari ya alama ya ubora. Bila mkataba, hakuna fundi atakayeweka vigae kwenye jengo ambalo kesho tunaweza kuambiwa tutoke.

Ombi la pili linahusu mikopo isiyo na riba. Tunaipongeza Serikali kwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wapo wenzetu wengi waliojikwamua kwa fedha hizo. Lakini kikundi cha wazazi, mama na baba pamoja, kinakosa mlango, kwa sababu baba aliyevuka umri wa ujana na asiye na ulemavu hayumo katika makundi hayo. Tumeshauriwa mara nyingi kwamba akina mama wajitenge na kusajili kikundi chao. Tumelikataa wazo hilo, na sababu yetu tunaiamini: baba akiondolewa kwenye karatasi, ataondoka na bandani pia, na kazi yote itamrudia mama. Tunakuomba ulifikishe jambo hili kwa wanaoandaa miongozo, ili kikundi cha wazazi wa shule moja kitambuliwe kwa jina hilo.

Tunaomba pia tusiletewe oveni kubwa kwa sasa. Tunajua wafadhili wana nia njema na kifaa kinapendeza siku ya makabidhiano. Lakini oveni ya kuoka mamia ya mikate, kabla hatujapata wanunuzi wa mamia ya mikate, itafunikwa khanga na kuwekwa kona. Oveni zetu ndogo za gesi zinatosha kuanzia, nazo zinaendana na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa. Tunachohitaji mapema ni mnunuzi wa uhakika. Mnunuzi huyo yuko hapa: shule yetu na shule za jirani. Jengo likishasajiliwa, tunaomba kamati za shule ziruhusiwe kununua skonzi za viazi lishe kwa ajili ya uji wa saa nne, kwa bei ya makubaliano, kutoka kwa wazazi wa watoto wanaozila.

Mwisho, tunamwomba afisa mifugo wa kata awe nasi siku za chanjo. Tarehe tumempatia kwa mwaka mzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunakuomba uonje mkate, na utuambie kwa uwazi kama una kasoro. Kisha, kabla hujaondoka, tunaomba uambatane na mwenyekiti wetu mkalione lile ghala. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na funguo anazo Mtendaji wa Kata, ambaye yuko hapa.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wazazi wanakikundi.