Elimu ya Nyota Haitaki Kila Nchi Kivyake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi mawaziri wa elimu, utalii na sayansi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waache kuishughulikia elimu ya nyota kila mmoja kivyake. Sayansi hii hustawi kwa ushirikiano, na sababu imo katika vyombo vyake vyenyewe.

Madishi ya redio yaliyotenganishwa na mamia au maelfu ya kilomita, yakielekezwa mahali pamoja angani kwa wakati mmoja, kisha data zake zikaunganishwa kwa msaada wa saa za atomiki, huona kwa undani ambao lingeuona dishi moja lenye upana wa umbali huo wote. Ndiyo maana Afrika Kusini, ingawa ina madishi 64 ya MeerKAT huko Karoo tangu mwaka 2018, ilizialika nchi nane, Kenya ikiwemo, zishirikiane nayo katika mtandao wa darubini za redio barani. Ghana imekwisha kuonyesha njia: huko Kuntunse, dishi la mita 32 lililojengwa kwa ajili ya mawasiliano ya setilaiti liligeuzwa kuwa darubini, likazinduliwa mwaka 2017. Longonot nako kuna kituo kilichojengwa kwa kazi hiyo hiyo ya mawasiliano. Kenya isiachiwe mzigo wa kukigeuza peke yake, kwa kuwa watakaonufaika nacho watatoka Makerere na Dar es Salaam vilevile.

Historia inatudai. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Data zake zilichambuliwa Marekani. Jambo hilo hunisikitisha hadi leo.

Urithi nao haujui mipaka. Wazee waliosema kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, walipanga kilimo kwa nyota ambazo jirani zao pia walizitazama. Kule Turkana zipo nguzo za mawe za Namoratunga, ambazo watafiti wanabishana tangu miaka ya 1970 kama zilipangwa kwa kufuata nyota. Kusini mwa Tanzania kipo kimondo cha Mbozi, bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Udongo uliokizunguka ulichimbwa, ikaachwa nguzo chini yake, ili mgeni akione kizima. Hata hivyo, mtalii anayetaka kuviona vyote viwili hawezi kutumia viza ya pamoja ya utalii, kwa sababu inazihusu Kenya, Uganda na Rwanda tu.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kuanzia Uhispania, kupitia Luxor, hadi ncha ya Somalia, ambayo sasa ni mwanachama wa Jumuiya, na sehemu kubwa ya ukanda wetu italiona likimegwa. Naliomba Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liandae kabla ya siku hiyo somo moja la shule zote, pamoja na miwani salama ya kutazamia jua, na lizungumze na Ethiopia, ingawa si mwanachama, ili wanafunzi wetu wapate zamu katika darubini mbili za mita moja zilizoko Entoto.